Nimesoma "sayansi za jamii mtambuka" Uholanzi, nimerudi Mbeya, na nikiulizwa nimesomea nini nashindwa kujibu

#1 Binti_Isongole
Wakuu, salaam.

Nimemaliza shahada ya kwanza mwaka jana, miaka mitatu kwenye chuo kimoja cha Uholanzi. Jina la shahada nimelitia Kiswahili mwenyewe: Sayansi za Jamii Mtambuka. Humo mna sosholojia, siasa, uchumi, anthropolojia, jiografia ya miji na saikolojia kidogo. Ila husomi kila moja kivyake. Unapewa tatizo, tuseme makazi ya mjini au uhamiaji, unalizunguka kwa fani zote hizo mpaka uone upande ambao fani moja isingeuona.

Nipo nyumbani tangu Oktoba. Mama anauza viazi na parachichi hapa barabarani, na kila mteja anayemfahamu lazima aulize, "Mwanao kasomea nini huko?" Mama kachoka kueleza. Siku hizi anajibu, "Kasomea watu." Juzi baba mkubwa kaja na goti lake linalouma, akitaka nilitazame.

Usaili nimeitwa mara mbili tu. Wa kwanza, shirika moja hapa mjini, bwana mmoja aliishika transkripti yangu kwa vidole viwili, akauliza: "Sasa wewe ni nani? Mchumi? Mwanasosholojia?" Nikaanza kueleza. Hazijapita dakika tano, anaperuzi simu. Mwisho akasema, "Na mbona huna hata A moja?"

Naomba mnisaidie: tatizo ni digrii, ni mimi, au ni soko letu?

#2 Ulanzi_Baridi
Kamwene. Nimevuta kigoda.

#3 Kitonga_Gia_Moja
Dada, hiyo digrii huku tunaiita makande. Mahindi yamo, maharage yamo, karanga zimo, ila ukiulizwa umepika nini huwezi kusema umepika maharage.

#4 MufindiChai
Kitonga acha hizo. Makande unakula saa sita, unakata chai mpaka jioni hujasikia njaa. Huo wali wako je?

#5 Mstaafu_Igawilo
Binti, hongera na pole. Nimekaa idara ya utumishi kwenye halmashauri mbili tofauti, nakueleza nilichokiona mezani. Tangazo la kazi serikalini hutaja fani kwa majina. Nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii, utakuta imeandikwa sosholojia, maendeleo ya jamii na ndugu zake wachache. Anayechuja maombi hasomi masomo yako thelathini. Anasoma jina lililo juu ya cheti, anarudi kwenye orodha, hulimo, unakwenda kwenye lundo la pembeni. Hakuchukii. Ana makaratasi yanamfika kidevuni na kesho kutwa anatakiwa awe amemaliza.

La pili: cheti umekipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kikatambuliwe? Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwa na mstari huo: waliosoma nje vyeti vihakikiwe na TCU, NECTA (Baraza la Mitihani) na NACTE (baraza la vyuo vya ufundi).

#6 Lumbesa_Mbili
Mzee, NACTE siku hizi NACTVET. Ila umeeleweka.

#7 Binti_Isongole
Shikamoo mzee. TCU nilishapeleka, barua ya utambuzi ninayo.

#8 Mstaafu_Igawilo
Marahaba. Na NECTA? Chuo umekitaja, kidato cha sita hukusema ulisoma wapi.

#9 Binti_Isongole
Form six sikusoma, mzee. Nilipata ufadhili nikasoma diploma ya IB, ile ya sekondari yenye mtihani wa kimataifa, Moshi, na ndiyo iliyonipeleka Uholanzi. NECTA sikwenda. Nilijua ni kwa waliosoma sekondari nje, mimi shule ilikuwa hapahapa nchini.

#10 Mstaafu_Igawilo
Shule ilikuwa Moshi, mtihani haukuwa wa NECTA. Matokeo ya mtihani wa kigeni hulinganishwa, hata kama uliufanyia chini ya mwembe wa nyumbani kwenu. Hapo ndipo faili lako limelala.

#11 Kitonga_Gia_Moja
Kesi imefungwa, turudi kwenye makande.

#12 Ndondo_wa_Soweto
Haijafungwa. Mimi nina sosholojia isiyochanganywa na kitu, jina limo kwenye orodha, kidato cha sita nimesoma Iringa kwa mtihani wa NECTA wenyewe. Mwaka wa nne huu niko kwenye bodaboda, stendi ya Nane Nane. Mzee #10, faili langu mimi limelala wapi?

#13 Mwanjelwa_Original
Limelala kwa kukosa mjomba.

#14 Mstaafu_Igawilo
Ndondo, sikusema karatasi ikikamilika kazi inakuja. Nimesema isipokamilika haiji.

#15 Bibi_Pareto
Naingia kama mwajiri, mdogo lakini mwajiri. Nina taasisi ya watu saba, tunafanya tafiti za kilimo Mbeya Vijijini na Njombe. Hawa wa digrii mchanganyiko huniletea barua nzuri kuliko wote. Wanaandika vizuri jamani, raha kusoma. Kisha namwambia: nitengenezee dodoso la maswali ishirini, uliweke kwenye Kobo, ile programu ya kukusanyia takwimu kwa simu, uende Umalila na vijana wanne, urudi na takwimu, uzisafishe, unipe kurasa nne Ijumaa. Hapo wengi wananiangalia.

Sikuulizi wewe ni nani, binti. Unaweza kufanya nini Jumatatu asubuhi?

#16 Profesa_wa_Kijiweni
Bibi Pareto umegusa mfupa. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu dada kashika sita. Fani ni kama ufundi: fundi seremala anajua mbao, mwashi anajua tofali. Mtu aliyepita kwenye karakana zote akiangalia wengine wanavyofanya, utampa nyumba akujengee? Tena hapa kwetu tuna DS, somo la maendeleo ambalo kila mwanafunzi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, analazimishwa kulisoma, hata wa uhandisi. Hayo yake ndiyo hayohayo, DS ya miaka mitatu.

#17 Ulanzi_Baridi
Profesa, Mwalimu Nyerere naye alisoma makande hayohayo huko Uingereza, na nchi aliiongoza. Nadhani ilikuwa London.

#18 MufindiChai
Si London, ni Edinburgh, Uskoti. Alikwenda 1949 akamaliza 1952. Ila kwenye makande uko sahihi: MA yake haikuwa ya fani moja. Ndani yake kulikuwa na uchumi, anthropolojia ya jamii, historia ya Uingereza, Kiingereza, falsafa ya maadili, sheria ya katiba.

#19 Profesa_wa_Kijiweni
Asante kwa kunisaidia hoja. Kabla ya Edinburgh Mwalimu alikuwa na ualimu wa Makerere mkononi na alishafundisha Tabora. Aliporudi akaenda kufundisha Pugu. Kazi alikuwa nayo KABLA ya makande. Huyu dada makande ndiyo chakula cha kwanza.

#20 Kitonga_Gia_Moja
Hapo Profesa kapiga chenga ya mwili. MufindiChai jibu.

#21 MufindiChai
Niko shambani, nitajibu nikipanda mtandaoni jioni.

#22 Binti_Isongole
Samahani nimechelewa, umeme ulikatika tangu asubuhi. Mengi yamesemwa, nianze na swali la Bibi Pareto.

Dodoso naweza. Takwimu nilisoma mihula mitatu. Mahojiano nayaweza kuliko vyote, nitaeleza kwa nini. Kobo sijawahi kuigusa, ila nitajifunza.

Profesa, hapo kwenye karakana umenichoma, kwa sababu nami nililia hivyohivyo mwaka wa kwanza. Asubuhi unamsikiliza mwalimu wa uchumi anakwambia watu huenda zinakoelekea bei. Mchana wa sosholojia anasema bei haina miguu, watu huenda walikokwenda ndugu zao. Jioni niko chumbani, sijui nimeelimika au nimevurugwa. Na kile chumba chenyewe mwaka wa kwanza nilihama mara nne, vyumba vya wanafunzi kule ni vya kugombania. Juu ya hapo, usipofikisha alama walizozipanga mwaka wa kwanza, kozi wanakutoa. Nilikuwa naziota.

Kilichonisumbua zaidi ya yote ni kusema. Mimi nimelelewa Rungwe. Mkubwa akizungumza unanyamaza, unaangalia chini, ndiyo heshima. Kule kwenye semina ukinyamaza wanadhani hujasoma. Mwalimu mwenye mvi anataka umwite jina lake la kwanza. Nilimwita "mwalimu" miezi mitatu, akaniambia kwa upole kwamba namfanya ajione yuko shule ya msingi. Wenzangu walikuwa wanasema usoni: "Sijaona hoja yako hapa." Mimi nakwenda kulia chooni, nikitoka yuleyule ananingoja mlangoni twende tukanywe kahawa. Ilinichukua mwaka kuelewa kwamba hakuwa na ugomvi na mimi.

Na hiyo A, yule bwana angenisikiliza ningemwambia. Wanasahihisha kwa kumi. Kumi haitolewi, tisa ni ya kusimuliana. Wastani wangu ni 7.6 na kule nilipongezwa. Hapa mtu anaona saba anasema huyu kaponea chupuchupu.

#23 Ndondo_wa_Soweto
Na baridi je? Wanasema Uholanzi ni friji.

#24 Bibi_Pareto
Ndondo, baridi gani? Njoo Kitulo Julai asubuhi uone nyasi zilivyo nyeupe.

#25 Binti_Isongole
Bibi Pareto kamaliza. Baridi niliimudu. Giza ndilo lililonishinda. Desemba saa kumi na moja jioni ni usiku kabisa, unatoka darasani unadhani umepitiwa na usingizi humo ndani.

#26 Nakonde_Boy
Habari zenu. Mimi ni Mzambia wa Nakonde, nilisoma Mbeya mwaka 2016 hadi 2019. Kwa hiyo mwanafunzi wa kimataifa nilikuwa mimi, ingawa nyumbani kwetu na chuoni ni basi moja na kuvuka mpaka kwa miguu. Dada kalipia ndege, mimi nimelipia kibali cha ukaazi daraja C na ada ya wageni kwa dola, wakati jirani yangu wa Tunduma, tunachota maji bomba moja, analipa shilingi.

Darasani Kiingereza, lakini mwalimu akitaka mtu aelewe kweli anahamia Kiswahili. Mwanzoni nilikuwa naelewa somo, utani siuelewi. Mwaka wa pili nikaelewa utani, ndipo nikagundua nusu ya utani ulikuwa unanihusu mimi. Nami swali ni lilelile: nimerudi Zambia wananiuliza hiyo DS ni kitu gani. Kwa hiyo dada, si Uholanzi peke yake. Ukivuka mpaka tu, jina la ulichosoma linabaki forodhani.

#27 Kitonga_Gia_Moja
"Jina linabaki forodhani." Nakonde umetisha. Hapa Tunduma tunapitisha kila kitu kasoro digrii.

#28 Profesa_wa_Kijiweni
Dada #22, umesema mahojiano unayaweza kuliko vyote na utaeleza kwa nini. Bado hujaeleza. Na bado sijasikia kitu ambacho mtu wa fani moja asingekifanya.

#29 Binti_Isongole
Nilikuwa nakuja huko.

Mwaka wa pili, somo la anthropolojia, tunapewa usomaji wa wiki. Nafungua: Wanyakyusa. Wa kwetu! Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, walikaa Rungwe miaka ya 1930 wakiandika habari zetu. Lililowashangaza ni vijiji vya rika: vijana wa kiume wanatoka kwa baba zao, wanajenga vibanda vyao pembeni, wanakua pamoja, wanaoa, na pale panageuka kijiji. Kisha kizazi kinakabidhiwa madaraka kwa sherehe inayoitwa ubusoka.

Darasa lina watu ishirini na sita. Vichwa vyote vikanigeukia. Mwalimu hakuniuliza, lakini macho yake yaliuliza. Na mimi sikuwa najua lolote. Mimi ni wa Isongole, najua viazi na mvua. Nikasema kweli: sijui, nitampigia babu.

Nikampigia babu jioni ile. Akacheka sana. Akasema ndiyo, yeye mwenyewe alilala kwenye kibanda na wenzake, walikuwa wanarudi kula kwa mama mmoja baada ya mwingine, zamu kwa zamu. "Lakini huyo mzungu alikaa na nani?" akauliza. "Kama alikaa na machifu, aliambiwa mambo ya machifu. Wanawake waliulizwa?" Nikamwambia mke wake naye alikuwa mtafiti. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi muulize bibi yako, mimi nitakudanganya."

Bibi alizungumza saa nzima, salio likaisha, nikaongeza. Nilipoyapeleka darasani yale maneno yake, mwalimu alisema wiki hiyo twende na swali la babu: mtafiti alikaa na nani? Tangu hapo kila ninapohoji mtu naanza na hilo, na kila nikisoma takwimu nauliza nani hakuwepo nyumbani siku ya dodoso.

#30 Mstaafu_Igawilo
Babu yako angekaa kwenye jopo la usaili tungepona.

#31 Ulanzi_Baridi
Niongeze upande wa Iringa. Watu wanasema huu mchanganyiko wa fani ni mambo mapya ya wazungu. Hapana. Mwaka 1935 kilitoka kitabu cha watu wawili waliofanya kazi kwetu, mmoja mwanaanthropolojia, mwenzake bwana shauri wa serikali ya Kiingereza. Wakati mmoja anachunguza Wahehe, mwingine anauliza: hili litanisaidia kutawala vipi? Fani mbili chungu kimoja, na chungu kilipikwa Iringa.

Halafu chukua fuvu la Mkwawa, chifu wetu wa Wahehe. Wakili atakwambia limo kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, Mjerumani alitakiwa alikabidhi. Mwanahistoria atakupeleka Lugalo 1891, Wahehe walipompiga Mjerumani. Mtu wa siasa atakuuliza kwa nini Gavana Twining alilileta 1954, wakati ule hasa. Na mpima mafuvu atakueleza jinsi Twining alivyolichagua kule Bremen kwa vipimo vya kichwa. Mtu wa fani moja ataliona fuvu hilo robo.

#32 Mwanjelwa_Original
Na Mjerumani ndiye aliyemuua, tusisahau.

#33 Ulanzi_Baridi
Mkwawa alijipiga risasi mwenyewe, Julai 1898, asikamatwe. Kichwa ndicho walichokata. Nenda makumbusho ya Kalenga ukaone.

#34 MufindiChai
Jioni imefika. Profesa #19: sawa, Mwalimu alikuwa na ualimu. Ila ualimu wa Makerere ulimpa mshahara, haukumpa namna ya kufikiri juu ya nchi ambayo bado haipo. Na kuhusu DS, usichanganye mambo. Wali na maharage kwenye sahani moja vimepikwa vyungu viwili, unaweza kuvitenganisha kwa kijiko. Mhandisi anayelazimishwa DS ndiye huyo. Makande yamechemka pamoja, maharage yameshaingia kwenye mahindi. Anachosema dada ni makande.

#35 Bibi_Pareto
Tena makande yanataka mpishi anayejua mahindi yatangulie. Ukiweka vyote mara moja, maharage yanarojeka na mahindi bado mawe.

#36 Kitonga_Gia_Moja
Bibi, kwetu tunaloweka vyote usiku, asubuhi vinaingia pamoja na hakuna kinachorojeka.

#37 Bibi_Pareto
Mahindi ya kukoboa hayo. Nazungumzia mahindi mazima.

#38 Profesa_wa_Kijiweni
Acheni jiko. Nataka mfano wa hapa, wa leo, usio wa fuvu wala wa 1935. Dada, tasnifu yako uliandika nini?

#39 Binti_Isongole
Lumbesa.

#40 Lumbesa_Mbili
Nimeitwa?

#41 Binti_Isongole
Haha, kaka, umeitwa kweli. Swali la tasnifu lilikuwa: kwa nini lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, haifi? Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Mabango yapo, mikutano imefanyika, viongozi wamekataza miaka nenda rudi, na bado ukisimama Isongole au Ndaga unaona magunia yameota vichwa viwili. Likizo ya Juni nilirudi nikahoji wakulima 23 na madalali 6. Babu alikuwa na mizani ya ndoano, tukawa tunaitundika kwenye mti. Gunia moja lilisoma kilo 138, na mwenyewe aliuza kama gunia moja.

Msimamizi wangu wa kwanza ni mchumi. Akasoma, akasema rahisi: dalali anajua bei ya Dar, mkulima hajui, viazi vinaoza, basi. Mpe mkulima bei kwenye simu, lumbesa itakufa. Nikamwambia wakulima 19 kati ya wale 23 walinitajia bei ya Dar ya siku ile bila kukosea. Akakuna kidevu.

Msimamizi wa pili ni wa anthropolojia. Yeye aliuliza swali moja: "Huyo dalali ni nani kwa mkulima?" Nikarudi kwenye daftari. Wanne kati ya madalali sita walikuwa ndugu au mashemeji. Mbolea ya Novemba waliikopesha wao. Ada ya shule ya Januari, wao. Sasa shemeji aliyekukopesha mbolea akisema ongeza kichwa, utamwonyesha mizani?

#42 Lumbesa_Mbili
Dada umeandika vizuri lakini wote mmeniacha nje, wewe na wazungu wako. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mwaka wa kumi na moja. Sikopeshi mbolea, sina shemeji Rungwe. Sikiliza.

Wapakiaji wananitoza kwa gunia. Gari ananitoza kwa gunia. Getini ushuru kwa gunia. Sokoni Dar kushusha, kwa gunia. Kila mkono unaopita juu ya mzigo unahesabu vichwa, hakuna anayehesabu kilo. Wewe ungekuwa mimi ungefunga gunia dogo? Na hata nikiamua kuwa mtakatifu nifunge la kilo 100, nikifika Dar langu limesimama pembeni ya magunia yaliyonona, mteja anapita anacheka.

#43 Mstaafu_Igawilo
Lumbesa, hapo kwenye ushuru nikusahihishe. Ushuru wa mazao ni asilimia ya thamani, si gunia. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa.

#44 Lumbesa_Mbili
Shikamoo mzee. Hiyo ni asilimia ya kitabuni. Getini usiku saa nane kijana ana tochi na kitabu cha risiti, anauliza, "Magunia mangapi?"

#45 Mstaafu_Igawilo
Marahaba. Kwa hilo siwezi kubisha.

#46 Ndondo_wa_Soweto
Mimi mwanasosholojia wa bodaboda naongeza: mmesahau siasa. Kijiji kimoja kikikataa lumbesa, gari linasogea kijiji cha pili. Nimeona kwetu Umalila, walikubaliana kwenye mkutano wa kijiji, wiki ya pili viazi vimeanza kuchipua ghalani, mmoja akauza usiku, kesho yake wote wanapanga foleni. Lazima mkatae wote siku moja, kuanzia hapa mpaka Njombe, na nani atawaita?

#47 MufindiChai
Na mazoea je? Mama zetu wanauza kwa sado na debe, na kila debe lina nyongeza juu. Usipoweka nyongeza unaitwa mchoyo. Lumbesa ni nyongeza iliyokomaa ikaota ndevu.

#48 Profesa_wa_Kijiweni
Haya. Nimehesabu sababu tano na kila mmoja anaapa kwa yake. Sasa dada, wewe wa makande uliamua ipi?

#49 Binti_Isongole
Sikuamua moja. Niliandika kwamba zinashikana: deni linamfanya mkulima asipime, malipo ya kwa gunia yanamfanya msafirishaji anenepeshe, na kwa sababu wote wananenepesha, anayekataa peke yake anaumia. Ukikata kamba moja nyingine zinashikilia. Hilo la wapakiaji na gari, kaka Lumbesa, sikulipata lote. Niliongea na madalali wa kijijini, sikufika sokoni Dar. Swali la babu lilinigeukia mwenyewe.

Nilipata 8.

#50 Profesa_wa_Kijiweni
"Zinashikana" ndilo jibu la watu wenu kila siku. Mchumi akikosea unajua kakosea wapi. Mtu wa "zinashikana" utamkamata wapi?

#51 Bibi_Pareto
Profesa, mimi nimeshalipwa mara mbili kufanya utafiti wa lumbesa na mara zote mbili tulimaliza kwa kupendekeza bei zitumwe kwenye simu. Hakuna aliyetuuliza kama wakulima bei wanaijua tayari. Binti, njoo faragha. Siahidi kazi. Nina mradi wa miezi miwili Februari na nahitaji mtu wa mahojiano. Kobo jifunze wiki hii.

#52 Mwanjelwa_Original
Si mnaona? Kapata shangazi. Nilisema #13.

#53 Bibi_Pareto
Mwanjelwa, nawe njoo na tasnifu yako.

#54 Mstaafu_Igawilo
Binti, hata ukipata hiyo ya miezi miwili, NECTA usiiache.

#55 Binti_Isongole
Naanza maombi kesho, mzee. Asanteni wote. Bibi Pareto nimeshakuandikia.

#56 Ndondo_wa_Soweto
Bibi Pareto, na wa sosholojia safi mwenye pikipiki yake, hamhitaji? Umalila njia zote nazijua, hata masika.

#57 Bibi_Pareto
Pikipiki ni ya nani?

#58 Ndondo_wa_Soweto
Ya tajiri. Jumapili tu ndiyo yangu.

#59 Kitonga_Gia_Moja
Bado sijakubali habari ya mahindi kutangulia.

#60 Lumbesa_Mbili
Dada, ile mizani ya babu bado ipo? Nina mzigo Jumamosi, nataka nipime gunia langu moja. Kwa kujua tu, msinianzishie uzi.

#61 Binti_Isongole
Ipo, kaka. Ndoano imepinda kidogo lakini inasoma. Njoo kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo mama anaitumia kwa parachichi.